Kila Baada ya Saa Mia Moja

Jumatatu, Machi 10

Mvua ya kwanza ya maana imeanza saa nne asubuhi. Saa tano kasorobo mtandao ukakatika. Mdogo wangu alikuwa kazini, maana yake chumbani kwake, mlango umefungwa na vipokea sauti viko masikioni. Anatafsiri mazungumzo ya madaktari na wagonjwa wasioelewana lugha. Daktari yuko upande mmoja, mgonjwa upande wa pili, yeye katikati, na wote watatu hawajawahi kuonana.

Alifungua mlango akasimama hapo.

"Dada, imekufa. Daktari alikuwa anaeleza dozi. Nimefika kwenye 'vidonge viwili mara tatu kwa', basi, kimya."

"Mgonjwa alisikia nini?"

"Viwili mara tatu. Kwa siku au kwa mwezi, atajua mwenyewe."

Hakuwa anacheka. Alikuwa muuguzi miaka kumi na mitatu, mpaka nyonga yake ilipokataa kusimama zamu nzima. Kazi hii ni ya kukaa, na yote aliyojifunza wodini anayatumia. Ameianza wiki iliyopita kwa majaribio, hadi Mei 30. Laini ikikatika mara tatu katikati ya mazungumzo, mkataba hautiwi saini. Leo ni mara ya kwanza.

Nimeandika habari za gazeti kwa miaka ishirini na sita. Kinachoandikwa siku ileile ndicho kinachosaidia baadaye. Ndiyo maana nimefungua daftari hili.

Jumatano, Machi 12

Fundi wa mtandao amekuja. Mtaa mzima unamwita Nyaya, na yeye anaitika. Alipanda ngazi nje, akafungua kiungio cha waya ukutani, maji yakamwagikia kwenye shati lake.

"Hapa palikuwa na bwawa," alisema. Akakata, akaunga upya, akafunika. "Nimemaliza."

"Umejuaje kwamba umemaliza?"

"Kwa sababu nimemaliza, dada."

Jibu hilo nimewahi kupewa na mawaziri wawili. Nikamwambia nataka kuona mwenyewe yanayotokea ndani ya ruta, kile kisanduku cha koridoni kinachotugawia mtandao. Ukurasa wake wa mipangilio haufunguki tangu mwaka jana.

"Ukurasa umekufa, ila mlango wa nyuma upo." Akakaa kwenye kompyuta yangu, akafungua dirisha jeusi lisilo na picha hata moja, akaandika amri ya kuingilia, ssh, namba za ruta na neno la siri. Tukawa ndani. "Humu hakuna cha kubofya. Unaandika amri, inatii. Ukikosea, inatii vilevile."

Kumbe ruta ina daftari lake. Kila tukio lina mstari mmoja, wenye saa, dakika na sekunde. Nani ameingia, nani ametoka. Hakuna kivumishi hata kimoja. Nimefanya kazi na watu wasioandika vizuri hivyo.

Daftari hilo lina kasoro moja. Linakaa kwenye memori, na ruta ikizimika linafutika lote. Yaani ushahidi unakufa pamoja na marehemu.

Jumamosi, Machi 22

Nimeshinda na dirisha jeusi siku tatu nikilipatia na kulikosea. Leo saa tano asubuhi nimemaliza. Kila baada ya dakika kumi ruta inanakili daftari lake kwenye faili jipya, na jina la faili ni tarehe na saa. Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi kompyuta yangu inaingia na kuchukua nakala kwa scp, amri ya kunakili mafaili. Nyaya alinielekeza nusu ya kwanza kwa simu. Nusu ya pili nimeitafuta peke yangu, na sioni aibu kusema nimejipongeza kwa chai.

Mdogo wangu alichungulia. "Nakala mpya kila dakika kumi? Na za zamani unazipeleka wapi?"

"Zinabaki."

"Kama masanduku yaliyo chini ya kitanda chako."

Masanduku hayo yana kila daftari la kazi nililowahi kujaza. Mara mbili yameniokoa mahakamani. Mimi sifuti kitu.

Machi 23. Mafaili 117. Mvua.

Machi 24. Mafaili 261. Mvua mchana kutwa.

Machi 25. Mafaili 405. Nyaya amepita kuuliza kama bado simwamini. Nimemwambia bado.

Jumatano, Machi 26

Asubuhi mafaili 549. Saa tisa na dakika kumi alasiri ruta ikazima taa zote, ikaziwasha moja moja. Dakika mbili tu. Lakini mdogo wangu alikuwa na mama mjamzito na mkunga kwenye laini.

Mara ya pili.

Msimamizi wake alimpigia kabla ya saa kumi. Nilisikia upande mmoja tu: "Ndiyo. Ndiyo, naelewa. Hapana, sina sababu ya kukupa kwa sasa." Alipotoka alipanga vikombe kabatini upya, vyote, kwa ukubwa. Alikuwa akifanya hivyo hata akitoka zamu mbaya hospitalini.

Jambo hili lina sababu, na nitaipata.

Machi 27. Mafaili 92. Yameanza kuhesabiwa upya, kama nilivyotarajia. Nimesoma nakala za asubuhi ya jana. Kifaa kilichokuwa kinavuta sana ni simu ya juu.

Ghorofa ya juu anakaa fundi cherehani. Anaitwa Bi Sindano, kwa kazi yake na kwa ulimi wake. Tulimpa neno la siri mwaka aliohamia, na hatujawahi kulijutia mpaka wiki hii.

Jumapili, Machi 30

Saa moja na dakika ishirini jioni imezima tena. Hakukuwa na mgonjwa kwenye laini. Kwenye nakala za asubuhi simu ya juu ilikuwa inapakua video za mishono, moja baada ya nyingine. Mara mbili, kifaa kilekile. Gazetini vyanzo viwili vinatosha kuchapisha.

Machi 31. Mafaili 67.

Aprili 2. Mafaili 355. Mvua imeangusha ukuta wa jirani wa nyuma. Sisi salama.

Aprili 4. Mafaili 42. Ruta ilizima jana saa tano na nusu usiku wakati sote tumelala. Mstari wa kwanza wa daftari jipya unasema hivyo. Bi Sindano hushona mpaka saa ngapi?

Jumamosi, Aprili 5

Nimepanda juu saa nne asubuhi. Kulikuwa na wateja watatu, mmoja amesimama juu ya kiti, gauni limejaa pini. Bi Sindano alikuwa amepiga magoti chini, anakunja upindo.

"Karibu Bi Mwandishi. Leo unataka kushonewa au kuniandika?"

Nikamweleza. Nilimwonyesha karatasi yenye saa zote.

"Nani kasema ni mimi?"

"Daftari la ruta."

"Basi mwambie huyo ruta apande mwenyewe, nimpime na kifua."

Wateja wakacheka. Mimi sikucheka. Nikasema: "Unamkatia mdogo wangu riziki, na unajua."

Naandika maneno hayo kama nilivyoyatamka. Kicheko kilikatika. Bi Sindano alitoa pini mdomoni, akaichoma kwenye kimto chake cha pini, akasema taratibu, "Toka nimalize upindo."

Nimeshuka, nimemfungia simu yake kwa amri moja, na nimebandika tangazo chini ya ngazi, wanakopita wote, kwamba simu ya Bi Sindano inazima mtandao na imeondolewa.

Mdogo wangu amelisoma. "Ungeniuliza kwanza, Dada. Huyu ndiye aliyenishonea mto wa kiti bila kuombwa."

"Mto ni mto. Huu ni ushahidi."

Jumanne, Aprili 8

Mafaili 17. Imezima leo alfajiri, saa kumi kasoro dakika ishirini. Simu ya juu imefungiwa tangu Jumamosi. Lazima ni umeme.

Aprili 9. Mafaili 161. Nimeuliza majirani wawili. Hakuna umeme uliokatika alfajiri ya jana. Mmoja ana saa ya ukutani inayojirudisha sifuri umeme ukikatika, na haikujirudisha. Sijalipenda jibu hilo.

Jumamosi, Aprili 12

Asubuhi mafaili 593. Saa mbili kasoro dakika kumi imezima. Mdogo wangu alikuwa bado anachana nywele, zamu yake ilikuwa saa mbili kamili. Dakika kumi tu zimemwokoa.

Nimefikiri labda Bi Sindano ameingia kwa simu nyingine, nikabadilisha neno la siri. Mdogo wangu alikuwa ameegemea mlango.

"Na ikizima tena utamfungia nani? Mimi?"

Aprili 14. Mvua tangu asubuhi. Bi Sindano amepishana nami kwenye ngazi, akasalimia tangazo: "Hujambo, tangazo?" Mimi hakunisalimia.

Jumatano, Aprili 16

Hii nitaiandika yote.

Asubuhi mafaili 568. Saa sita kasoro kidogo Bi Sindano aligonga. Mikono yake ilikuwa mitupu isipokuwa kipande cha karatasi, kile tulichomwandikia neno la siri la zamani mwaka aliohamia.

"Nimekurudishia, nisije nikaambiwa nimelila. Simu yangu iko juu, imezimwa. Nenda kaipekue ukitaka, mlango uko wazi."

Tulikuwa tumesimama koridoni, rafu ya ruta katikati yetu. Chumbani mdogo wangu alikuwa anasema kwa sauti yake ya kazini, "Daktari anauliza, maumivu yanasambaa au yanakaa mahali pamoja?"

Ikagonga saa sita. Taa za ruta zikazimika zote. Zikaanza kuwaka, moja, ya pili.

"Halo?" alisema mdogo wangu. "Halo, daktari? Halo?"

Bi Sindano akainua mikono yote miwili juu, kama mtu anayepekuliwa. Hakusema neno. Kwa mwanamke mwenye ulimi kama wake, hilo ni tusi kamili, na nilistahili.

Mara ya tatu.

Mdogo wangu alitoka akaketi jikoni. Hakugusa vikombe. "Basi," alisema. "Nilikuwa naiweza kazi hii, Dada. Naomba uandike hilo pia kwenye daftari lako."

Nimeliandika.

Halafu nimefanya nilichopaswa kufanya Machi 30, na ambacho ningemfokea mwandishi mchanga yeyote kwa kutokifanya. Nimechukua daftari hili, nikaorodhesha saa za kuzima bila jina la mtu. Machi 26, saa tisa alasiri. Machi 30, saa moja jioni. Aprili 3, saa tano usiku. Aprili 8, alfajiri. Aprili 12, saa mbili asubuhi. Leo, saa sita. Nimepiga hesabu ya saa zilizo katikati ya tukio moja na jingine. Mia moja na dakika kumi hivi. Mia moja na dakika kumi hivi. Zote.

Hakuna binadamu anayeudhi watu kila baada ya saa mia moja, mchana na usiku, bila kupitiwa na usingizi.

Saa mia moja za kwanza zilianza lini? Machi 22, saa tano asubuhi. Siku niliyojipongeza kwa chai.

Nimempigia Nyaya.

"Dada, hayo mafaili unayaweka wapi kabla hujayachukua?"

"Humohumo kwenye ruta."

"Kwenye memori yake. Ukishachukua nakala, unayafuta?"

"Mimi sifuti kitu."

Nilimsikia akimwambia mtu pembeni, "Ngoja, hii tamu." Akarudi. "Ruta yako ina memori ndogo kuliko ya simu ya tochi, dada. Unaijaza, unaijaza, ikishiba inazimia. Ikiamka imesahau yote, unaanza kuijaza tena. Andika amri ya memori iliyobaki, unisomee."

Nimemsomea. Baada ya dakika kumi nimemsomea tena. Imepungua kwa ukubwa wa faili moja. Nimegawanya memori iliyokuwapo kwa kasi hiyo. Jibu: mafaili mia sita. Sita kwa saa. Saa mia moja.

Kiungio cha ukutani alikitengeneza Machi 12, na kilikuwa sawasawa. Mtandao ulikuwa umepona. Mimi ndiye niliyeutia ugonjwa.

Nimemwambia mdogo wangu mezani, kwa sentensi mbili.

"Kwa hiyo ya pili na ya tatu ni wewe."

"Ni mimi."

"Na Bi Sindano?"

"Hakuhusika."

"Nakuomba jambo moja. Usiniombe radhi leo. Leo fanya kazi."

Alhamisi, Aprili 17

Nimefanya kazi. Sasa kompyuta ikishachukua nakala, amri inayofuata inayafuta yale yaliyo kwenye ruta. Nimeijaribu mara tano mbele ya mdogo wangu, akasoma mwenyewe memori iliyobaki. Kila mara inarudi ilipokuwa.

Kisha nimeandika maelezo ya ukurasa mmoja kwa msimamizi wake. Saa zote sita, chanzo, aliyesababisha, kilichorekebishwa. Jina langu na kazi yangu chini. Nimeambatisha mafaili na orodha ya hesabu. Hayohayo yaliyoizimisha ruta ndiyo pekee yanayoonyesha kwamba si yeye.

Msimamizi amepiga saa nane. Mdogo wangu aliweka sauti ya wazi.

"Maelezo haya ameandika nani?"

"Dada yangu."

"Ndugu si shahidi."

"Najua."

Karatasi zilisikika zikifunuliwa. "Ila ndugu huandika kumtetea ndugu. Huyu kajishtaki mwenyewe ukurasa mzima, na mahesabu ameweka." Akaendelea. "Ya pili na ya tatu nazihesabu kosa moja. Una mbili, si tatu. Zamu zako zinasimama mpaka Jumatatu. Nitatazama laini yako hadi Mei 30. Ikikatika tena katikati ya mazungumzo, usinitumie ukurasa mwingine."

Jumamosi, Aprili 19

Gazetini kwetu marekebisho huwekwa palepale kosa lilipowekwa, kwa herufi za ukubwa uleule. Nimebandua tangazo chini ya ngazi, nikabandika hili:

MAREKEBISHO. Aprili 5 niliandika hapa kwamba simu ya Bi Sindano inazima mtandao. Si kweli. Mtandao ulizimwa na mafaili niliyoyarundika mwenyewe ndani ya ruta. Bi Sindano hakuhusika kwa lolote.

Aliteremka, akalisoma kwa sauti, akalisoma tena.

"Limeandikwa vizuri. Halitoshi."

"Nini kimepungua?"

"'Na unajua.' Hilo hukuliandika ukutani, ulilisema kwa mdomo, mbele ya watu watatu, saa nne asubuhi. Sasa hivi ni saa nne kasoro dakika tano. Wateja wangu wako juu."

Alikuwa sahihi. Nikapanda.

Wawili walikuwa walewale. Wa tatu alikuwa mgeni. Nikasimama karibu na meza ya kukatia nguo nikasema: "Wiki mbili zilizopita nilisema Bi Sindano anamkatia mdogo wangu riziki, na anajua. Hakuwa anamkatia, na hakukuwa na cha kujua. Kosa lilikuwa langu."

"Kwani ilikuwaje?" aliuliza yule mgeni.

"Aanze mwanzo," alisema Bi Sindano, huku anatia uzi. "Huyu hakuwepo."

Nimeanza mwanzo. Nilipofika kwenye kujipongeza kwa chai walicheka mpaka mmoja akachomwa na pini. Nilipogeuka kutoka, Bi Sindano akaniita.

"Bi Mwandishi. Neno la siri jipya ni lipi?"

Nimempa, na simu yake nimeifungulia.

Jumapili, Aprili 20

Saa kumi na dakika kumi alasiri. Huo ndio ungekuwa wakati wake. Tulikaa koridoni sote watatu, Bi Sindano na bakuli lake la vifungo vya kupanga. Saa kumi na robo taa bado zinawaka. Bi Sindano aliitazama ruta. "Leo haijala," alisema, akaondoka na vifungo vyake.

Aprili 27. Mvua. Laini nzima.

Mei 4. Mvua kubwa. Laini nzima. Nyaya amepita kuuliza kama sasa namwamini. Nimemwambia alikuwa amemaliza tangu Machi 12, na nimemwonyesha kwamba nimeliandika.

Mei 11. Laini nzima.

Mei 19. Simu ya juu imepakua video kumi na moja. Laini nzima. Nimemtumia salamu.

Ijumaa, Mei 30

Mkataba umekuja saa tatu asubuhi kwa faili moja. Nimelihamisha kwenye kompyuta yake, akasaini, akalirudisha. Kisha akavaa vipokea sauti akafunga mlango, maana zamu ilikuwa inaanza.

Saa nne mvua imeshuka, pengine ya mwisho kwa mwaka huu, na ngurumo. Mimi nilikuwa koridoni nafuta. Kwenye kompyuta nilikuwa nimelimbikiza mafaili yote ya masika. Nimeyafuta, nimebakiza orodha ya zile saa sita.

Chumbani mdogo wangu alisema, "Daktari anauliza, yalianza lini?"

Ngurumo ikapita juu ya paa. Halafu chumbani kukawa kimya. Niliondoa mikono kwenye kibodi. Sikuitazama ruta. Nilisikiliza mlango, nikahesabu mpaka tisa.

Ulikuwa ukimya wa mgonjwa anayekumbuka.

"Anasema," mdogo wangu alisema, kwa sauti yake ya kazini, "tangu Jumanne."